Matairi ya Kumpa Bi Odessa Usingizi

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, gari jeusi la kifahari linapita mbele ya kanisa la Mtakatifu Cyril kwa mara nyingine tena. Lorna Hrabak ameshika usukani kwa mikono miwili, na kiti cha nyuma ni kitupu. Vijana waliojaa kwenye pikapu wanampigia honi, wanampita, na mmoja anatoa kichwa dirishani kumuuliza kama amelala.

"Waache wapite," anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyekaa kando yake. "Mimi leo sina haraka. Nina wasiwasi tu."

Anaongeza mwendo polepole, anapunguza polepole, anakata kona kama aliyebeba trei ya mayai. Lakini vidole vyake havitulii. Vinagonga usukani, vinagusa redio ambayo haijawashwa, vinarekebisha kioo ambacho hakikuwa na tatizo.

Matairi yote manne yalifungwa jana jioni. Tairi jipya hutoka kiwandani na utelezi juu yake, na mpira wake bado haujalegea, kwa hiyo dereva anayejua kazi hulizoesha barabara kwanza: mwendo wa pole, breki za pole, maili nyingi bila abiria. Kabla ya hapo halishiki lami sawasawa, na si haki kulihukumu kama lina kelele au halina.

Lorna ana wikiendi hii tu. Jumatatu asubuhi Bi Odessa Crenshaw ataingia kiti cha nyuma, na asipopata usingizi humu ndani, amesema mwezi ukiisha hataingia tena.

Lorna, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ni dereva wa kukodiwa hapa Tarrant Falls, Ohio. Kampuni yake ni gari moja alilolinunua likiwa limetumika, na simu ambayo haizimwi. Hupeleka watu uwanja wa ndege, maharusi kanisani na wafiwa makaburini. Karibu nusu ya kipato chake, hata hivyo, hutoka kwa abiria mmoja, Bi Odessa, mwalimu mstaafu wa muziki mwenye maradhi ya figo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa humpeleka Cleveland kusafishwa damu, na kumrudisha.

Bi Odessa halali nyumbani. Ugonjwa umempa miguu isiyotulia; akilala tu, inaanza kutupwa huku na huku hadi kunakucha.

"Inacheza dansi ambayo mimi mwenyewe sikualikwa," anasema. "Nimejaribu dawa, nimejaribu maziwa ya moto, nimejaribu kuimba. Kitu pekee kinachoituliza ni gari la Lorna."

Kwa miaka miwili ilikuwa hivyo. Wakifika barabara kuu, miguu inatulia, mama wa watu anafumba macho, na saa ile moja ya kwenda na ile ya kurudi ndiyo ilikuwa usiku wake. Anasema bila hiyo asingekuwa na nguvu ya kukaa kwenye mashine.

Kisha, mwezi wa tisa, matairi yakaisha.

Hapa ndipo Lorna alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa Tarrant Falls pekee ndiye angelifanya. Mji huu uliishi kwa viwanda viwili vya matairi, Kellerman upande huu wa mto na Stoddard upande ule. Viwanda vimepunguza watu, majengo mengine yamekuwa maghala, lakini ukoo wa kiwanda bado ni ukoo. Mtoto wa Kellerman hafungi tairi la Stoddard. Gari likija na matairi ya watu wengine kutoka kwa muuzaji, unasamehewa. Ukiyanunua mwenyewe, hata jirani anakusalimia kwa mbali. Mwandishi wa makala haya ameolewa katika ukoo wa Stoddard, na alipofika kwa akina Hrabak mara ya kwanza aliombwa, kwa adabu kabisa, aegeshe gari mwisho wa mtaa.

Baba yake Lorna, Mzee Emil Hrabak, alipika mpira wa matairi kiwandani Kellerman mpaka alipostaafu. Kwa hiyo matairi ya zamani yalipokuwa vipara, binti hakuuliza swali lolote.

"Sikuchagua," anasema. "Nilinunua. Ni vitu viwili tofauti, na mimi kwa umri huu ningepaswa kujua."

Yalikuwa matairi mazuri. Yalishika kona, yalishika kwenye mvua. Lakini ubavu wake ulikuwa mgumu, na kwenye barabara ya zege yalitoa mlio mwembamba usiokatika, uliopanda kupitia sakafu hadi kwenye kiti cha nyuma. Mbele, dereva alikuwa hausikii. Bi Odessa aliusikia siku ya kwanza, na kwa sikio la mwalimu wa muziki akautaja hadi noti yake.

Lorna alisema yatatulia yakizoea. Alipunguza upepo kidogo, akarudisha. Alibalansi magurudumu upya, akapima alaimenti, kama yamenyooka sawa. Wiki zikapita, mlio ukabaki palepale, na miguu ya Bi Odessa ikaanza kucheza ndani ya gari pia. Jumatano moja mama akakataa kutoka nyumbani. Ijumaa akatoka, lakini njiani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anafikiria kuacha kusafishwa damu.

"Aliniambia, 'Mwanangu, mwisho wa mwezi tuagane. Nimechoka kuwa macho,'" Lorna anakumbuka. "Nikamwambia, Bi Odessa, ukiacha utakufa. Akasema, 'Najua. Angalau huko watu wanalala.'"

Lorna anasimulia huku anaendesha. Tunapita tena mbele ya kanisa.

Alhamisi ya wiki hii alikwenda kwa Dwayne Pruitt, fundi wa matairi ambaye, kwa kuwa anataka kuishi na watu wote, huuza ya Kellerman kona hii na ya Stoddard kona ile. Alimweleza kila kitu.

"Unataka la kukimbia au la kulala?" Dwayne alimuuliza.

"La kulala."

"Basi unajua lilipo. Ubavu laini, na ndani limewekewa sponji la kumeza kelele. Lile pale, kona ya Stoddard."

"Hakuna jingine?"

"Kwa rimu zako? Yapo. Yatakuja baada ya wiki tatu. Huyo mama ana wiki tatu?"

Lorna alitoka, akakaa ndani ya gari, akarudi. Aliomba kitu kimoja tu: Dwayne ayafunge kwa kuyageuza, jina la Stoddard likae ndani lisionekane. Fundi alicheka hadi akaweka spana chini.

"Dada, haya yana upande wa ndani na wa nje. Nikiyageuza yatapiga kelele kuliko hayo unayoyakimbia. Vaa jina lako uende nyumbani."

Ijumaa, baada ya kumrudisha Bi Odessa, aliyaacha ya Kellerman kwa Dwayne kwa bei ya hasara na akaenda nyumbani na jina la Stoddard mara nne. Mzee Emil, mwenye umri wa miaka themanini na minne, anaishi chini na binti yake anaishi juu. Alikuwa kibarazani. Aliangalia tairi la mbele, akaangalia la nyuma, akaingia ndani na kufunga mlango. Samaki wa Ijumaa, ambao baba na binti huwala pamoja tangu mama yake Lorna alipofariki, kila mtu alikula kwake.

Hayo yalikuwa ya jana. Leo, maili za mwanzo zimetosha, na Lorna anasimama gerejini kwa Dwayne ili nati zikazwe upya, kama inavyotakiwa kwa magurudumu yaliyotoka kufungwa. Hasubiri kwenye kiti. Anazunguka gari, anainama, anapapasa tairi kwa kiganja, anazunguka tena.

Tatizo ni kwamba mlio unasikika nyuma, na yeye yuko mbele. Anahitaji mtu wa kukaa pale na kusema ukweli. Mwandishi wa makala haya anajitolea.

"Wewe?" anasema Lorna. "Wewe umeolewa na akina Stoddard. Hata yakiimba utasema yamenyamaza."

Katika mji mzima, anasema, kuna mtu mmoja tu ambaye hawezi kuyapendelea.

Saa tano tuko mbele ya nyumba. Mzee anasikiliza ombi kupitia wavu wa mlango.

"Unataka nikae juu ya uchafu ule."

"Nataka usikilize, Baba. Ukisikia kelele, uniambie."

"Nitasikia. Tutafikaje mwisho wa mtaa bila kusikia?"

"Basi njoo uyaseme vibaya ukiwa ndani."

Hilo linamwingia. Anatoka na koti lake la kanisani na kofia ya Kellerman, anapanda nyuma bila kusaidiwa, anajifunga mkanda kama mtu anayepelekwa mahakamani. Kabla hatujatoka mtaani ameshaanza.

"Yanateleza."

"Bado mapya, Baba."

"Ya kwetu hayakuteleza hata siku ya kwanza."

"Yaliteleza. Ulikuwa unaniambia mwenyewe nisikanyage breki kwa nguvu."

"Nilikuwa nakufundisha adabu, si tairi."

Tunaingia barabara kuu, kwenye zege. Lorna anashikilia mwendo uleule anaokwenda nao akiwa na Bi Odessa. Nyuma, mzee anaeleza jinsi watu wa Stoddard walivyokuwa wakiharakisha kupika mpira, jinsi walivyoshindwa mchezo wa besiboli wa viwanda miaka mingapi mfululizo, jinsi mmoja wao alivyomchumbia dada yake na kukimbia. Kisha anaanza sentensi nyingine, na haimalizi.

Lorna anasubiri. Anadhani baba amekasirika kweli sasa. Anainua kioo kidogo.

Mzee Emil amelala, mdomo wazi, kofia ya Kellerman imemshukia puani.

Macho ya Lorna yanajaa maji, anayapangusa kwa mkono wa shati, na anaipita bila kutoka njia ya kutokea aliyokusudia. Tunaendelea mbele mbali sana, hadi mashamba ya mahindi, kwa sababu anaogopa kusimama. Mzee anaamka mwenyewe, anaweka kofia sawa.

"Nilikuwa nafikiri," anasema.

"Unafikiri nini, Baba?"

"Gari ni zuri. Hao wana bahati wamewekwa kwenye gari zuri."

Baada ya kumteremsha, nilidhani dereva wangu angetulia. Hakutulia hata kidogo.

"Baba hulala popote," anasema, na vidole vimerudi kwenye usukani. "Hulala kanisani. Hulala kwa daktari wa meno. Hiyo haisemi kitu juu ya miguu ya Bi Odessa." Jumapili mvua inanyesha, na yeye yuko barabarani tena, peke yake, polepole, akimaliza maili zake.

Jumatatu asubuhi Bi Odessa anatoka na fimbo yake na blanketi la zambarau. Ananikagua mimi niliyekaa mbele, anainama kidogo kuangalia tairi, na analisoma jina.

"Baba yako yu hai?" anamuuliza Lorna.

"Yu hai, Bi Odessa."

"Na amekuacha uendelee kuishi kwake?"

"Jana kanisalimia. Neno moja."

"Mungu ni mwema," anasema mama, na anapanda.

Mjini anaongea. Anaongea juu ya jirani anayepuliza majani alfajiri, juu ya kwaya mpya isiyojua kuvuta pumzi. Lorna anajibu ndiyo na hapana. Kwenye zege, Bi Odessa bado anaongea, na kupitia mgongo wa kiti changu nahisi goti lake linacheza, linagusa, linaacha, linagusa. Lorna analisikia pia. Njia ya kutokea ya kwanza inapita. Ya pili inapita.

"Hayaimbi," Bi Odessa anasema ghafla.

"Hayaimbi?"

"Nautafuta ule mlio. Siupati."

Baadaye kidogo nagundua kwamba goti limeacha kunigusa. Naogopa kugeuka. Lorna naye haangalii kioo. Anauma mdomo na kutazama mbele. Tunaingia Cleveland hivyo, watu wawili waliokaa wima kama mbao, na nyuma yetu pumzi ndefu ya mtu aliyechoka miezi mizima.

Tumefika mapema. Mlango wa kituo uko pale, nafasi ya kuegesha iko wazi, na muuguzi anapunga mkono. Lorna anampungia pia, lakini hasimami. Anazunguka uwanja wa maegesho kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, anamaliza, anaanza upya. Muuguzi anachungulia kiti cha nyuma tunapompita, anaelewa, na anaingia ndani.

"Kuanzia Jumatano nitamfuata mapema zaidi," Lorna ananong'ona, huku akikata kona tena. "Kituo hakifungui mpaka saa tatu. Lakini mimi si lazima nimfikishe moja kwa moja. Naweza kupitia ziwani. Naweza kwenda nikarudi. Atakuwa analala tu."