Sufuri Iliyokataa Kuja

Juma la mwisho kabla ya mtihani wa kutetea tasnifu yangu ya shahada ya pili chuoni Mbale, nilirudi Jinja kwa baba, nikidhani utulivu wa nyumbani ungenisaidia. Wapi! Nilikuwa nimekokotoa jinsi elektroni mbili zinavyogongana na kutawanyika, na jibu lilikuwa bovu. Elektroni zenye spini sawa, yaani kama zinazozunguka upande mmoja, haziwezi kutawanyika kwa pembe mraba. Uwezekano wake lazima uwe sufuri. Wangu ulikataa katakata. Chakula nikawa nakisukuma tu sahanini.

Baba, askari magereza mstaafu, aliliona hilo. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mtoto yangu, nani nasumbua wewe?"

"Hesabu, baba."

"Basi mimi nakuja na wewe Mbale."

Nilimkatalia. Alikuja. Asubuhi ya mtihani alitoka chumbani kwangu mtaa wa Nkoma, Mbale, amevaa suti, bodaboda aliyopanda ikaifuata yangu hadi chuoni. Mlangoni akampigia mtahini saluti: "Jambo, afande!" Mtahini, Mkenya, akacheka, akamkaribisha aketi nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Mtahini akafungua tasnifu pale pale nilipokuwa naogopa. "Sufuri iko wapi hapa?"

"Sijui. Nimeitafuta, sijaiona."

"Itafute sasa." Akanipa chaki.

Niliziandika upya opereta zote, yaani alama za kihesabu zinazoumba chembe na zinazoiondoa. Kanuni ni kuzipanga: za kuumba zikae kushoto, za kuondoa kulia, na kila mbili za elektroni zinapopishana, alama ya kutoa huzaliwa. Nilizipisha mojamoja, nikitaja alama kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Kwenye kipande cha pili cha hesabu, pale elektroni zinapobadilishana nafasi, ikajitokeza alama ya kutoa niliyokuwa nimeiruka. Vipande viwili nilivyokuwa nikivijumlisha vikafutana kwa pembe mraba: sufuri.

Mtahini akaniambia nisubiri nje. Baba akanifuata, shati limelowa jasho.

"Wamefunga wewe ama wameachia?"

"Bado, baba."

Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimekaa sakafuni. "Umefaulu," mtahini akasema, "ila sura ya tatu uirekebishe."

Baba akaruka mbele yangu. "Afande, sura ya mtoto yangu iko sawa kabisa!"

Nilicheka mpaka nikalia.