Nesi Aliyejua Wimbo wa Mwanangu

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye duka la kuchapisha hapa Kitengela, nikitafuta picha za marehemu mwanangu kwenye simu yake, za kuchapishwa kwa ibada ya kumbukumbu yake. Mhudumu akafungua faili ya muziki kwa makosa. Spika ikanguruma: gitaa nzito, ngoma za polepole, na sauti ya mwanangu ikitoka tumboni.

"Huyo anaimba ama anachinjwa?" akauliza mzee mmoja kwenye foleni.

Watu wakacheka. Mimi nikatazama sakafu. Kanisani niliambiwa muziki huo wa metali ni wa shetani, na tangu tumzike nimekuwa nikiogopa alikokwenda.

Mwanamke aliyevaa sare ya nesi akainua mkono. "Usizime! Hii bendi nimeitafuta tangu nikiwa chuo. Walicheza hapa mara mbili tu, wakapotea."

"Huyo anayeimba ni marehemu kijana wangu," nikasema.

"Pole sana, mama. Unajua maneno ya wimbo huu?"

"Mimi nilisikia kelele tu."

Akanitamkia polepole: "Bwana, baba yangu anaogopa giza. Mshike mkono huko chini."

Mume wangu, aliyetangulia kufa, alilala na taa ikiwaka maisha yake yote.

Yule mzee akavua kofia. Nesi akaomba nakala ya wimbo awapelekee wenzake.

Miaka mingi nilimwomba Mungu anyamazishe kelele zile. Namshukuru kwamba hakuwa na haraka ya kunijibu.

Bwana, wapokee wote wawili, mwanangu na babake, na usichoke na sauti yake. Amina.