Jina Lililokwenda Songwa

Shemeji yangu Telesphori ni mtu wa kuazimisha. Amekuwa fundi baiskeli hapa Ushirombo tangu kabla ya Uhuru, na pampu yake sijapata kuiona kibandani kwake siku mbili mfululizo. Koti lake jeusi limeshaozesha wanaume wanne. Ukimwambia kwamba watu wanamtumia, anacheka na kusema vitarudi, na kweli vingi hurudi. Mimi, Serafina, naandika habari ya kitu kimoja alichoazimisha kikachelewa kurudi. Kitu chenyewe ni jina lake.

Mwaka 1965 Otmar, mtoto wa mama yake mdogo, alitaka kwenda Songwa kutafuta kazi kwenye mgodi wa almasi. Siku zile mwanamume hakutoka kwao bila stakabadhi ya kodi ya kichwa mfukoni. Ndiyo aliyoulizwa njiani, na ndiyo aliyoitaka karani kabla ya kumwandika mtu kazi. Otmar alikuwa hajalipa kodi miaka miwili. Telesphori akampa stakabadhi yake, na karani asije akataka ushahidi zaidi, akampa na cheti chake cha ubatizo. Wakakubaliana vyote virudi Pasaka. Yeye akaenda kwa mtendaji, akasema stakabadhi imepotea, akalipa kodi ya mwaka uleule mara ya pili, na hata hilo halikumkasirisha. Otmar akaandikwa kazi kwa jina la Telesphori. Pasaka ikapita, ikapita na nyingine.

Mwaka 1968 Telesphori akaja kumposa mdogo wangu Theopista. Mimi nilikuwa mjane wa miaka miwili, nimerudi kwa baba, na sikumpenda mposaji huyo hata kidogo. Nilimwona mtu laini mno, wa kuliwa na kila apitaye. Lakini Theopista alimtaka, na baba alishapokea ng'ombe saba, kwa hiyo nikanyamaza, jambo ambalo si desturi yangu.

Siku ya kuandikisha ndoa tulikwenda misheni watu wanne: wachumba wenyewe, baba na mimi. Padri Gregory alitoa kitabu kikubwa cha ubatizo, akapitisha kidole mpaka kwenye jina la Telesphori, kidole kikabaki palepale. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Telesphori," akasema, "hapa pembeni pameandikwa kwamba umekwisha kufunga ndoa. Mwaka jana, parokia ya upande wa Songwa. Mke anaitwa Apolonia."

Jambo ambalo Otmar hakulijua ni kwamba mapadri wanaandikiana. Mkristo akioa mbali, padri wa huko hutuma habari kwenye parokia alikobatizwa, nayo huandikwa kando ya jina lake. Otmar alikuwa ameoa kwa kuonyesha cheti cha mwenzake, na habari ikasafiri yenyewe mpaka kwetu. Lakini hayo niliyajua baadaye. Pale misheni nilichojua ni kwamba mchumba wa mdogo wangu ana mke.

Theopista hakulia. Alishika ncha ya khanga yake akawa anaitazama tu. Baba akasema ng'ombe watarudi kesho. Mimi nilisema mengi, na mengine siwezi kuyaandika kwa sababu niliyasema mbele ya padri. Telesphori alikuwa ameshaelewa, ila hakutaja mtu. Maneno ya Ushirombo husafiri na malori, na angemtaja Otmar pale, habari ingefika mgodini kabla ya mwezi kwisha. Mtu anayeingia kwenye almasi kwa jina lisilo lake angedhaniwa mwizi wa mawe, afungwe. Basi akasema tu kwamba hajaoa, akaomba wiki tatu. Baba akampa, kwa sharti kwamba mimi niende naye nikajionee.

Theopista ndiye pekee ambaye hakuwa na shaka. Aliniambia usiku ule tukiwa kitandani kwamba mtu asiyeweza kuficha pampu hawezi kuficha mke.

Tulipanda lori la pamba mpaka Kahama, tukaipata treni Isaka. Ndani ya treni ndipo aliponieleza yote. Nilimwuliza mtu anawezaje kutoa jina lake kama anayetoa spana. Akajibu kwamba wakati ule Otmar alilihitaji kuliko yeye. Nikahamia kiti kingine.

Asubuhi tukafika Songwa, tukaanza kumtafuta Telesphori. Hebu fikiria: Telesphori anauliza watu wa stesheni nyumba ya Telesphori. Kila tuliyemwuliza alimsifu. Telesphori haonekani kilabuni. Telesphori anaimba besi kanisani. Telesphori alimchimbia kaburi mzee mmoja asiye na ndugu. Nikamwona shemeji yangu anainua mabega, anatembea amenyooka, kana kwamba anayesifiwa ni yeye. Nilianza kwa kumkasirikia, nikaishia kucheka mpaka nikasimama njiani.

Apolonia alikuwa Msukuma, mwanamke mdogo, mjamzito wa miezi sita. "Mwangaluka," akatuamkia, akatutolea vigoda na maji kabla hajauliza sisi ni akina nani. Akasema mume wake Telesphori yuko zamu, atarudi mchana. Kisha akamwuliza mgeni jina lake.

Shemeji yangu alisita. "Otmar," akasema. "Mimi ni ndugu yake."

Nilimtazama. Jina lake alikuwa amelitoa, na sasa alivaa la mwenzake ili mwanamke asiyemjua asiumie. Pale nilianza kumheshimu, ingawa sikumwambia.

Otmar aliporudi akatuona mlangoni, akakaa chini kwenye vumbi. Wanaume wakaenda nyuma ya nyumba, nami nikafuata, maana nilitumwa kuona. Otmar hakukana kitu. Alisema kila mwaka alitaka kurudisha, lakini kila mwaka palikuwa na kitu kipya kilichoandikwa kwa jina lile: kwanza kadi ya getini, halafu nyumba, halafu kwaya, mwisho mke. Akatoa fedha zilizofungwa kwenye kitambaa, akamwomba Telesphori amwuzie jina moja kwa moja, yeye Ushirombo ajitafutie jingine.

"Siuzi," Telesphori akasema. "Nikiuza nitakuwa sina tena. Lile nilikuazimisha tu, ndiyo maana nimekuja."

Alitaka jambo moja: Otmar aje kwa Padri Gregory aseme ukweli, ili yeye aoe. Otmar akasema hawezi. Likijulikana, kazi imekwisha, na mtoto anakuja. Wakaendelea hivyo kwa upole, mmoja anaomba, mwingine anakataa, mpaka uvumilivu ukaniishia. Niliingia ndani nikamweleza Apolonia yote kwa mpigo. Sikuchagua maneno. Alikuwa anapepeta mchele wa kutupikia. Hilo linanitia aibu mpaka leo.

Akauweka ungo chini, akatoka nje, akasimama mbele ya mume wake.

"Aliyenioa ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Apolonia akamnyooshea Telesphori kidole bila kumtazama. "Kitabuni mimi ni mke wa huyu mgeni," akasema. "Na huyu aliye tumboni ataandikwa wa mgeni. Utakwenda kwa padri wenu, nami nitakuja nikusikie ukisema."

Hakupaza sauti. Otmar akaenda kuomba likizo kesho yake.

Tuliporudi Ushirombo, Padri Gregory alifunga mlango wa ofisi tukiwa wanne ndani: ndugu wale wawili, Apolonia na mimi. Alimkaripia Otmar, akamkaripia na Telesphori, kisha akaukata mstari ule wa pembeni kwa wino mwekundu na kuuandika upya ukurasa mwingine, kando ya jina la Otmar, aliyebatizwa palepale. Apolonia hakujua kusoma. Akaniomba mimi nimsomee, nadhani kwa kuwa nilikuwa nimemwambia ukweli, hata kama vibaya. Nikamsomea mara mbili: Otmar, ameoa Apolonia. Padri akamwandikia mwenzake wa kule barua, akaifunga kwa gundi mbele yetu. Kuhusu mgodi, alisema kitabu chake ni cha sakramenti, si cha getini.

Telesphori akachukua cheti chake cha ubatizo, akakitia mfukoni na kuupapasa mfuko. Kisha akaweka masharti. Kazini Otmar angeendelea kuwa Telesphori mpaka aache kazi. Kanisani, mahakamani, kwa watoto, na popote pa kumwahidi mtu neno, angekuwa Otmar. Otmar alilia, na mimi machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Nje padri alimwambia baba kwamba kizuizi hakipo tena. Baba aliuliza kwa hila zote alizojua, asipate la ziada. Mimi nimekaa na siri hii miaka kumi na minane, na kwa mtu wa domo kama mimi hiyo si kazi ndogo. Sasa Otmar ameacha mgodi, na shemeji ameniambia niandike nipendavyo.

Ndoa ilifungwa Jumamosi. Telesphori alilivaa koti lake mwenyewe, ingawa ilibidi alifuate kwa jirani asubuhi. Padri alipomwita kwa jina lake aliitika kwa nguvu mpaka watu wakacheka, na Theopista akacheka nao. Otmar aliimba besi. Tulikula, tukacheza, nami nilifurahi kama sikuwahi kuwa mjane.

Jioni lori la Kahama likapiga honi. Apolonia alisimama mlangoni na mzigo wake, akamtafuta mume wake katikati ya watu. Tangu siku ile ya Songwa alikuwa akimwita "wewe" tu. Sasa akaita, polepole, "Otmar."

Hakugeuka. Ndugu walipomwita hivyo siku zote zile aliitika, lakini kwa sauti hii hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Apolonia akaita tena. Bwana harusi ndiye aliyemgusa bega.

"Unaitwa wewe," Telesphori akamwambia. "Nenda."