Chembe za Binti wa Fundi

Dada yangu, mtafiti wa saratani ya damu, hajui Jumapili. Lazima aende maabara kulisha chembe hai za damu zenye ugonjwa, zilizotolewa mwilini mwa binti aliyekwisha kufariki, ili azijaribie dawa.

“Zinadeka kuliko kitinda mimba,” hulalamika, macho mekundu kwa kuchungulia hadubini.

Mimi hainiingii akilini mtu kumlisha muuaji.

Mama wa marehemu, fundi cherehani, hupita maabara kila mara kuuliza, “Zimeamkaje?”

“Salama, mama.”

Jana dawa mpya iliziua zote. Wenzake walishangilia, lakini dada aliketi hoi, chupa ya chembe mkononi, hadi fundi alipobisha hodi.

“Zimekufa, mama. Dawa imekubali.”

Fundi alimvua miwani.

“Basi kalale, mwanangu. Tumemuuguza vya kutosha.”