Samli Aliyoisifu Baba

Habari zenu nyote mnaosoma hapa. Naomba jina langu lisitokee, maana ndugu zangu wamo humu, na shangazi yangu mmoja hapitwi na kisa hata kimoja. Nina miaka thelathini na minane, naishi Kiembeni, sina mume, binti yangu yuko shule ya bweni. Kazi yangu ni upishi katika nyumba ya wageni. Baba alifariki wiki tatu zilizopita na mpaka leo sijalia. Msinisifu kwamba nimejikaza. Ni kama stima imekatika ndani yangu na sina hamu ya kuuliza itarudi lini.

Nilikaa na Baba peke yangu miaka miwili, tangu moyo ulipoanza kumsumbua. Daktari alimkataza samli, nyama ya mafuta na tui zito. Haya, kamwambie hivyo mzee wa Kigiriama aliyebeba magunia bandarini ujana wake wote. Nikimwekea ugali na mchicha wa kuchemsha, anautazama, anausukuma, anasema ameshiba. Alikonda mpaka suruali zikawa hazikai kiunoni. Niliogopa atakufa njaa kabla ya huo moyo.

Sasa kazini kwetu huja wageni wasiokula kitu chochote cha mnyama, hata maziwa. Mmoja wao aliacha kopo la hamira, lakini si hii yetu ya mahamri. Hiyo imeshauawa kwa moto, haiumui chochote. Ni vipande vyepesi vya manjano, unanyunyizia kwenye chakula, na ladha yake iko karibu na jibini. Nilimpelekea daktari lile kopo, akasoma maandishi yake, akasema haina neno, mpe.

Nikaitia kwenye kunde. Baba akaonja, akanusa, akaniangalia.

"Umenitilia samli?"

Nilitaka kumweleza, wallahi. Lakini alikuwa ameshachota tonge la pili. Nikamjibu, "Ee, Baba. Kidogo tu, usimwambie daktari."

Alicheka. Kuanzia siku hiyo sahani ikawa inarudi tupu. Nilinyunyizia kwenye maharagwe, kwenye viazi, hata juu ya ugali mtupu. Kopo nililificha nyuma ya ndoo ya unga, likiisha naenda Nyali kununua jingine. Mashavu yake yalirudi kidogo. Nilifurahi sana, nikajiona mjanja.

Shida ni kwamba Baba hakuwa mtu wa kuweka siri. Kanisani, kwa kinyozi, kwa kila aliyekuja kumjulia hali, hadithi ilikuwa hiyo hiyo: "Huyu binti yangu anamdanganya daktari kwa ajili yangu. Nyinyi, watoto wenu watawafanyia hivyo?" Na mimi nikiwa pale naendelea kumimina chai. Alinipenda zaidi kwa jambo ambalo sikulifanya.

Alipofariki, ndugu walikuja tukaketi hanga, yaani matanga yetu. Siku ya kwanza nilishika mwiko kama nilivyozoea. Shangazi akautoa mkononi mwangu taratibu, akasema nikaoshe vyombo. Sikuelewa mpaka jioni, kaka yangu mkubwa aliposimama mbele ya watu. Huyu anaishi Changamwe, na katika miaka hiyo miwili alikuja kumwona Baba mara mbili.

Akasema, "Baba mwenyewe alitwambia anapikiwa samli. Daktari alishakataza. Mimi sisemi zaidi."

Kopo lilikuwa jikoni, hatua kumi kutoka aliposimama. Ningelileta, ningelifungua, maneno yangekwisha hapo hapo. Nilibaki nasugua sufuria. Sikuona hasira, sikuona hata uchungu. Nakumbuka tu kwamba ukoko ulikuwa mgumu na sabuni ilikuwa imeisha.

Tangu hapo hakuna anayekula nilichopika. Wanasalimia, wanakaa, chai wanakataa kwa adabu. Jumamosi ni kikao cha kumaliza hanga, na kaka ameleta ujumbe kwamba nisimame niombe msamaha mbele ya ukoo wote, ndipo yaishe.

Nikisema kweli, nitasafika. Daktari yupo, atanishuhudia. Lakini Baba ataonekana mzee aliyelaghaiwa kila siku kwenye sahani yake, na wale aliowaringia kanisani watamcheka kaburini. Alikufa akiamini kuna mtu mmoja duniani aliyemvunjia daktari amri ili yeye ale vizuri. Hilo ndilo lililomfanya acheke, na ndilo pekee lililobaki la kwetu sisi wawili.

Nyinyi mliowahi kuuguza wazazi, niambieni, maana mimi kichwa kimekufa ganzi. Jumamosi niliweke kopo mezani, au nipige magoti niombe msamaha kwa samli ambayo haikuwahi kuingia nyumbani mwetu?