Rangi Kumi na Mbili, Pipa Moja

"Humu ndani hakuna ratiba itakayonishinda," alitamba mpanga ratiba wetu mbele ya kiwanda kizima cha rangi kwenye mkutano wa wafanyakazi. "Nileteeni oda mpaka mchoke. Nitazipanga, na dakika haipotei." Tukapiga makofi. Tangu siku hiyo tukamwita Dakika.

Kazi yake ilikuwa kuamua rangi ipi itangulie kwenye pipa la kuchanganyia. Krimu ikifuata nyeupe, pipa linasuuzwa tu. Nyeupe ikifuata nyeusi, linasuguliwa nusu siku. Na kila mteja ana tarehe yake na mdomo wake. Dakika aliandika oda kwenye vikadi, akavipanga mezani, akavivuruga, akavipanga tena, kama mtu anayecheza karata peke yake na bado anaibiwa.

Jumatatu alipokea oda kumi na mbili za wiki inayofuata. Kufikia mchana ratiba ilikuwa tayari, nzuri tu, bosi akaibandika ukutani. Jumanne dada yake akapiga simu: mama yao amelazwa, anamwulizia. Ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Dakika akasema anamalizia kitu kidogo, kesho atakuja.

Nilimweleza kwamba oda kumi na mbili zina mipangilio zaidi ya milioni mia nne na sabini. Akipima mmoja kila sekunde, bila kulala, atamaliza baada ya miaka kumi na mitano.

"Ndiyo maana chuo kilikushinda," akasema. "Unahesabu kazi badala ya kuifanya."

"Mzee wangu, ile ya ukutani inatosha. Nenda kwa mama."

"Inatosha ni neno la wavivu."

Jumatano akaokoa dakika arobaini. Dada akaambiwa kesho. Alhamisi akaokoa tisa. Dada akaambiwa kesho. Ijumaa asubuhi akabadilishanisha kijivu na kahawia, akapata nne nyingine, akainuka anacheka, koti mkononi. Simu ikaita. Mashine zilikuwa zimezimwa, pipa linasuguliwa, kwa hiyo sauti ya dada yake tuliisikia sote.

"Kaka, usiharakishe tena."

Akakaa. Akavikusanya vikadi, akavigongagonga mezani mpaka kingo zikalingana. 

Wiki iliyofuata bosi alitumia ile ratiba ya Jumatatu, ya ukutani. Hakuna mteja aliyelalamika.

Nauli ya basi hadi kwa mama yake ilikuwa shilingi elfu sita tu.