Chungu cha Bibi na Samaki wa Rangi ya Papai

Nilitoka Mpanda alfajiri ya Jumanne. Nikalala Tabora, nikalala tena Singida kwa sababu basi liliharibika, na Alhamisi jioni nikashuka Moshi miguu imevimba. Nimeishi miji mingi kiasi kwamba nikiulizwa kwetu ni wapi, kwanza nakohoa. Safari hii nilijiambia nimekuja kukaa. Nikapanga chumba na sebule Shirimatunda, hatua chache kutoka palipokuwa na nyumba ya bibi yangu.

Jumamosi nilipanda Kirua Vunjo, kwenye shamba la ukoo alikozikwa, kuliona kaburi lake. Masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda makaburini na kwenye ua, yamefika mabegani kwangu. Niling'oa magugu machache, nikashuka.

Jumatatu nikaingia mjini, kwenye duka la samaki wa mapambo. Mtu anayeishi peke yake hutaka walau kitu kimoja kinachojongea chumbani.

"Shikamoo, mzee," kijana wa dukani alinisalimia. Uzee wenyewe nilikuwa bado sijauzoea. "Unataka wa kuangalia au wa kuzalisha?"

"Wa kuzalisha nyumbani. Walio rahisi."

Akanionyesha diskasi, wale samaki bapa, mviringo kama sahani. "Beba hawa weupe, mzee wangu. Hawa ni moto! Ukiwaweka sebuleni wageni hawaondoki."

"Sina wageni. Nipe wale wa kahawia kule nyuma."

"Wale? Si kama majani makavu ya mgomba?"

"Hao hao."

Alicheka, akachukua wavu. Hakujua jibu lile nililinunua kwa bei gani. Wewe kaa, nikusimulie.

Mama alinileta kwa bibi nikiwa na miaka minne, akarudi Dar es Salaam kutafuta maisha. Kila Desemba, Wachagga wanapopanda mlimani na watoto wao na mizigo yao, mama alituma barua. Bibi alinitaka nimsomee ile barua mara mbili, akaikunja, akaniambia nikakate majani ya ng'ombe. Asubuhi zangu zilikuwa na harufu ya samadi, moshi wa kuni na mtori wa ndizi unaochemka. Bibi alivaa blanketi la kahawia mabegani, masika na kiangazi, hata nilidhani alizaliwa nalo.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kihindi aliyestaafu biashara ya vioo. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wako ng'ambo. Kwa vipande vya vioo vilivyobaki alitengeneza matangi, na humo akafuga diskasi walioletwa na shemeji yake kutoka Nairobi. Aliwaita samaki sahani. Hawakutaka maji ya bomba. Walitaka maji laini. Kwa hiyo masika yote mimi nilikinga maji ya mvua kwenye bati la bibi, nikampelekea ndoo kwa ndoo kupitia tundu la ua. Umeme ukikatika, maji yalipoa, na hapo nilitumwa blanketi la bibi la kufunikia matangi.

"Samaki asiyeliwa anavikwa blanketi langu!" bibi alilalamika huku akilivua. "Na mimi nivae nini, magamba?"

Lakini alilitoa kila mara.

Mwaka niliotimiza kumi na moja, barua ilikuja mapema. Desemba hii, mama aliandika, nakuja mwenyewe. Nilizunguka na ile barua siku nzima nikitafuta kitu cha kumwonyesha. Sikuwa na kitu. Jioni jirani akaniambia, kama aliyenisikia, kwamba kwa kuwa nimechota maji masika yote, ana tangi moja tupu la kuzalishia, na mimi ndiye nitakayechagua jozi ya kuingia.

Jozi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na rangi ya papai lililoiva, inang'aa hadi ukutani. Nyingine ya kahawia, na mistari hafifu ya buluu kichwani, ukitazama sana.

"Rahisi ni hawa wa kahawia," alisema. "Wa papai ni wazuri, lakini kwa kulea ni wagumu. Haya, chagua."

Nilifikiria macho ya mama. Nikachagua papai.

Bibi akatoa chungu chake kidogo cheusi cha zamani, tukakipindua katikati ya tangi, na jike likataga juu yake mayai kama punje za ulezi. Siku ya tatu yakaanguliwa. Siku chache baadaye vifaranga wakaanza kuogelea. Diskasi wachanga hawali chakula cha kutupiwa. Wanapaswa kumwendea mzazi, wajibandike ubavuni mwake, wale ute unaotoka kwenye ngozi yake. Niliketi mbele ya tangi nikisubiri wamwendee mama yao. Hawakwenda. Walizunguka, wakampita. Wengine walijibandika kwenye hita nyeusi ya kupashia maji moto, wengi kwenye chungu. Mama yao alisimama karibu, anang'aa, na wao hawakumwona. Siku tatu baadaye hapakuwa na kifaranga hata mmoja aliye hai.

Jirani aliponiuliza imekuwaje, mdomo wangu ulikwenda wenyewe. "Ni chungu, babu. Bibi alikuwa anawekea magadi humo, yameharibu maji."

Bibi hakuwahi kuweka magadi mle. Na bibi alikuwa nyuma ya ua, anamkatia ng'ombe migomba. Panga likanyamaza.

Baada ya muda nikamwona anakuja. Hakupita kwenye tundu letu. Alizunguka hadi getini, maana anayekuja kuomba radhi huingilia mlangoni. Mkononi alishika jani la sale, amelifunga fundo kama wafungavyo watu wa mlimani. Ukiletewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata ukiwa umeuliwa ndugu.

"Jirani, nasikia chungu changu kimekuharibia," alisema. "Nimekuja unisamehe."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema neno moja tu. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Jirani alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, sale alilijua. Alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mama, chungu hakina kosa. Ndicho kitu pekee walichokiamini. Hawa watoto wanazaliwa wanatafuta giza. Wa kahawia anapolea, mwili wake unazidi kuwa mweusi, wanamwona. Huyu wa papai hawezi kugeuka mweusi. Anawapenda, lakini hawamwoni."

Bibi alipoondoka, jirani aliniwekea lile jani mkononi. "Hili si langu. Unajua la nani."

Usiku huo bibi alinipakulia mtori na kunipa mfupa wenye nyama, kama siku zote. "Kula. Ndizi haijulikani kwa ganda," alisema, na hakuongeza. Jani nikalilaza ndani ya daftari la hesabu. Nitampa bibi kesho, niliwaza. Kesho ikawa na kesho yake.

Mvua za vuli tulirudia na jozi ya kahawia. Wazazi wakawa weusi kama masizi, na vifaranga wakawaganda mbavuni kama ukoko kwenye sufuria. Tukamwita bibi aje aone. Alicheka hadi akashika kiuno. "Kumbe wananyonya!"

Desemba mama alikuja kweli. Alivaa gauni la njano, akanukia sabuni ambayo sikuwahi kuinusa. Nikampeleka akaone tangi. "Wazuri," alisema, akiwatazama wale wa papai.

Siku ya saba aliniketisha kati yake na bibi. "Umekua sasa. Utabaki na bibi, au twende wote? Chagua mwenyewe."

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa, ila vidole vilisimama.

Nikasema, twende.

Tuliondoka asubuhi, jua limetoka, theluji inaonekana yote. Mizigo ilipakiwa nyuma ya pikapu, nami juu yake. Daftari la hesabu lilikuwa ndani ya begi na jani likiwa ndani ya daftari, limekauka. Bibi alisimama kwenye ua wa masale, blanketi lake mabegani. "Desemba uje," alisema. Niliitikia. Sikuja Desemba hiyo, wala nyingine yoyote aliyokuwa hai.

Pikapu ikashuka. Nyumba ya jirani ikapotea, bati letu likapotea, migomba ikawa kijani kimoja. Mama, mbele, sikuweza kumwona. Bibi peke yake ndiye aliyebaki, doa dogo la kahawia lisilojongea, na nilimwona hadi kona ya mwisho.